Safari ya Mbeya Kuuliza Kama Kulea ni Kazi

Niliondoka shambani Jumatatu kwa sababu ya mkono wa kulia wa Subilaga. Mwenzangu huyu aliunguzwa na uji wa watoto, sufuria zima, na zahanati ya shamba ikamrudisha ngozi ikining'inia. Zahanati ni ya wafanyakazi, aliambiwa. Sisi tunaolea watoto wa wachuma chai, tangu shamba liuzwe kwa mwekezaji, eti tunajitolea. Vile vijisenti vya mwisho wa mwezi eti ni asante.

Wenzangu wakanituma Mbeya, ofisi ya chama cha wafanyakazi wa mashamba, nikaombe tuingizwe. Walinichagua mimi kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na kunyamaza sijui.

Bulyaga, kwa shangazi yangu pale Tukuyu, nilifika nimelowa, mwanangu mgongoni. Shangazi alitukausha motoni, akatupa ndizi na maharage. Nilipomweleza ninakokwenda, alicheka.

"Mimi nimelea wangu na wa wenzangu, mwanangu. Chama sijakiona."

"Ndiyo maana mgongo umepinda, shangazi."

Hakucheka tena. Asubuhi alinifungia viazi vya njiani bila kuombwa.

Kutoka Tukuyu nilipata lori la ndizi. Dereva aliuliza nafuata nini, nikamwambia. Akasema kukaa na watoto hata mke wake anakaa nao, tena bila makelele. Nikamuuliza siku mke wake akiugua ni nani anaendesha lori. Akawasha redio mpaka Mbeya.

Ofisini, katibu hakunipa kiti. Alinisikiliza huku akikoroga chai yake, chai ya kwetu hiyo, kisha akasema kulea ni umama, si kazi. Mwanangu akaanza kulia. Akaniambia nimtulize, hanisikii. Nikamwambia hiyo ni kazi, na mimi sijaajiriwa hapa.

Akaweka kijiko chini. "Mama, wachumaji wakigoma kiwanda kinasimama. Ninyi mkigoma, nani atajua?"

Nikatoka na swali lake. Hilo ndilo lililoniuma.

Wakati wa kurudi, gari liliposimama Kiwira, nilimwona mama mmoja akivuka barabara, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani. Nikamtazama mpaka akapotelea kwenye ukungu. Ndizi zinakaa kichwani. Kikapu cha chai hakikai kichwani, kinakaa mgongoni, palepale anapokaa mtoto.

Nilipofika nyumbani niliwaambia wenzangu hivyo tu. Kesho yake hatukuwasha moto wa uji.

Kina mama walikuja na watoto wakakuta mlango umefungwa. Tukawaeleza habari ya Subilaga. Wengine walitutukana, kisha wote wakaingia kwenye chai na watoto wao. Aliyembeba mgongoni hakuwa na pa kuweka kikapu. Aliyemfunga kifuani hakuufikia mmea. Adhuhuri, kwenye mizani, vikapu vilikuwa vyepesi kama vya kuchezea.

Msimamizi akaja kwa gari lake. Akauliza tunataka nini.

"Kwanza fungua mlango wa gari," nikasema. "Subilaga apande, umpeleke zahanati mwenyewe."

Alifungua.

Kule Mbeya nilikwenda kumuuliza mtu asiyejua kuwa kulea ni kazi, wakati wanaojua tulikuwa hapahapa, na mwekezaji, anayehesabu kilo, alikuwa mmoja wao. Chama cha katibu bado hakijatuingiza. Tumeanzisha chetu. Mwanachama wa kwanza ni Subilaga. Alisaini kwa mkono wa kushoto.