Kigezo Kilicholika

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikata ngozi kwa miaka ishirini na sita katika karakana ya viatu ambako mimi natunza stoo. Kazini walimwita Kigezo, na jina hilo halikuwa la kumkweza tu. Mkataji mwingine akimaliza vipande vyake, msimamizi alivilaza juu ya vipande vya shemeji, ukingo kwa ukingo. Kilichozidi au kupungua kilirudi.

Wageni wa kazi walipomuuliza maana ya neno lenyewe, aliwaambia linatokana na kugeza, yaani kuweka kitu kando ya kingine uone kama vinalingana. Ndiyo maana mafundi wanaita kigezo kile kipande wanachokifuatisha wanapokata. Siku hizi, alisema, watu wanamwita hivyo mtu wa kupigiwa mfano, wanasahau kwamba kigezo chenyewe hakivaliwi wala hakiuzwi.

"Kinaning'inia msumarini tu," alisema. "Sasa nyinyi mnanisifu au mnanisimanga?"

Walicheka, naye akaendelea kunoa kisu.

Vigezo vyetu vya zamani vilikuwa vya bati. Vilipoingia kutu, meneja akaleta vya kadibodi ngumu. Wengine walivichora kwanza kwa kalamu. Shemeji alikibana kigezo juu ya ngozi kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu ukingoni moja kwa moja. Hakuna mwingine aliyethubutu kukata hivyo, na mimi nilikuwa nikitoka stoo makusudi nimtazame.

Mwaka wa tisa wa kadibodi, shule moja ilirudisha jozi mia mbili na arobaini za viatu vya wanafunzi. Namba zilikuwa sahihi, ila vilibana. Meneja akanitaka nitafute kipande chochote cha zamani. Nilikuwa nacho kimoja, cha namba thelathini na saba, alichokata shemeji siku ya kwanza ya kadibodi. Siku ileile nilikuwa nimekifunga kwenye bahasha nikaandika tarehe. Msimamizi akakilaza mezani, akaweka kigezo juu yake. Ngozi ilijitokeza pande zote, upana wa ukucha.

Kisu kilikuwa kimekula kadibodi kidogo kidogo, kila kikipita. Na kwa kuwa kazi ya wote ilipimwa kwa yake, karakana nzima ilipungua pamoja naye.

Meneja hakufoka. Alimuuliza kama kweli hakuona kinapungua.

"Ningekipima na nini, bosi?" shemeji akasema. "Kila kitu humu ndani kilipimwa na mimi."

Alinifuata stoo, akakaa juu ya robota la ngozi. Nilidhani anawaza kufukuzwa. Alikuwa akimuwaza binti yake, ambaye muhula mzima uliopita alilalamika kwamba viatu vinamuumiza. Shemeji alimjibu kwamba viatu alivyokata baba yake havibani, apunguze deko. Dada alipomwonyesha vidole vya mtoto vilivyoanza kupinda, alisema tatizo ni miguu, imetoka upande wa mama yake. Wakati ule tulicheka, maana alikuwa ananitania mimi pia.

"Nilikuwa na mguu wa mtoto mkononi, shemeji," akaniambia. "Nikaamini kadibodi."

Hawakumfukuza. Vilitengenezwa vigezo vipya vya bati, akarudishwa mezani kwake. Asubuhi nzima alikata vipande viwili. Aliviweka juu ya kigezo, akavitoa, akaviweka tena. Aliniita nivipime kwa rula, nikavipima. Vilikuwa sawasawa, nikamwambia.

"Na rula yako umeipima na nini?"

Nilimwambia apumzike kidogo, kesho mkono utarudi. Kesho yake alikata kimoja. Siku iliyofuata alisimama mbele ya ngozi, kisu mkononi, hadi vijana wa kushona wakaacha mashine wakimtazama, kisha wakaona haya wakainama.

Ijumaa aliniletea aproni yake, imekunjwa vizuri, na kisu juu yake. Nilimsihi kama ndugu asiache kazi. Akaniambia nipokee tu, shemeji, nisimfanye aseme mengi. Nikapokea.

Sasa yuko nyumbani. Dada anasema hata mkate hakati. Shemeji anamsogezea dada kisu, kisha anatazama pembeni.