Bolti Niliyoibandika Asubuhi ya Harusi ya Ndinda

Hiki kisa watu wa Kalama wanakipenda kuliko ninavyokipenda mimi, na kila nikipita pale sokoni hakosi mtu wa kuniuliza leo nimebandika nini, kwa hivyo afadhali niwasimulie mwenyewe pamoja na aibu yake yote, kabla hamjakisikia kwa mtu wa kuongeza chumvi (ingawa kusema ukweli hakihitaji chumvi yoyote).

Mimi naitwa Kyalo na kazi yangu ni kuendesha kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne yaliyonona, inayopanda mawe kama mbuzi. Wikendi wageni kutoka Nairobi wanakuja kwa kambi moja nje ya mji wa Machakos, nawazungusha kwa vumbi, wanapiga picha, wanarudi kwao. Sasa ukifanya hiyo kazi kwa muda unaanza kujiona fundi, maana unajua kumwaga oili na kukaza cheni, na ukiinama kando ya injini na spana mkononi kuna mgeni atakuita injinia, nawe hukatai.

Ndinda ni binti ya shangazi yangu. Mama yake alikufa Ndinda akiwa bado ananyonya, akalelewa na Susu Mbithe, nyanya yetu, kwenye boma letu, kwa hivyo mimi na yeye tumekula sahani moja. Yeye sasa anatengeneza injini za malori kwa gereji moja kule Mlolongo, na msidhani ni mtu wa kunyamaza kwa kona, la, akiongea gereji yote inasikia, na madereva wa malori wanamngojea yeye hata kama kuna fundi mwingine amekaa bure.

Basi Ndinda akapata mchumba, Musyoka, mkulima wa Mitaboni, na harusi ikapangwa kwenye kanisa letu juu ya kilima. Mvua ikanyesha wiki nzima. Barabara ya kwenda kanisani ikachimbika mitaro ya kumeza ng'ombe, magari yakashindwa, na swali likawa ni moja tu: Susu atafikaje? Aliwahi kuvunjika nyonga na hawezi kukaa kwa bodaboda. Wanaume wakasema watambeba na kiti mabegani. Susu akawaangalia mmoja mmoja, akasema, "Mtu anabebwa na wanaume akiwa kwa sanduku. Mimi bado." Na Ndinda akasema kama Susu hayuko kanisani, yeye haapi.

Ndipo nikainua mkono. Nikaomba kwadi kwa mdosi wangu, mwenye ile kambi, nikafunga kiti cha plastiki pale nyuma kwa mpira, nikaweka mto, nikatandika leso juu. Kwa siku kadhaa nilikuwa mtu wa maana sana pale nyumbani, hata chai nililetewa nikiwa bado kitandani.

Asubuhi ya harusi nikaona tone la oili chini ya kwadi. Tone moja tu. Lilikuwa linatoka kwa kava ya ubavuni mwa injini, ile inayoshikwa na bolti ndogo ndogo kuizunguka, na mtu mwenye akili angepanguza na kuangalia tena, lakini mimi nilikuwa nimeshavaa suti na watu walikuwa wananitazama, kwa hivyo nikachukua spana nikakaza bolti ya chini. Nikaona haijatosha. Nikachomeka kipande cha paipu kwa mkia wa spana ili mkono uwe mrefu (hapo ndipo mjue shetani alikuwa ananishikia paipu upande ule mwingine), nikasema nizungushe kidogo tu, kidogo tu, na kwanza ikawa ngumu, halafu ghafla ikawa laini sana, laini kama siagi. Kichwa cha bolti kikaanguka kwa kiganja changu.

Kama ningemwita Ndinda hapo, hii habari ingeisha. Lakini unamwendeaje bibi harusi anayesukwa nywele umwambie umemvunjia injini? Nikatafuta tindo nikagonga gonga ile iliyobaki ndani, ikazidi kuharibika. Basi nikachukua silikoni, ile gundi ya kuzibia injini, nikajaza tundu, nikakibandika kile kichwa mahali pake, nikakipanguza na kitambaa hadi kikang'aa kuliko vichwa vingine vyote. Ndinda akapita na leso kichwani, akauliza, "Kyalo, mashine iko sawa?" Nikamwambia iko sawa kabisa, hata usiwe na wasiwasi.

Tukaondoka. Susu amekaa nyuma yangu kwa kiti chake na miwani yake, mkono mmoja ameshika bega langu, nyuma yetu bibi harusi na wasimamizi wake wanatembea, gauni limeinuliwa lisiguse tope, halafu kwaya, halafu ukoo wote, wanaimba. Ile ilikuwa picha nzuri, nakubali. Tulipoanza kupanda ule mwinuko mkali nikasikia harufu kama ya chapati inayoungua. Nikajisemea ni wapishi. (Wapishi walikuwa chini kabisa, ng'ambo ya bonde.)

Halafu moshi ukatoka. Oili ilikuwa inamwagika juu ya bomba la moto la ekzosi na moshi mweupe mzito ukapanda, ukamfunika Susu hadi nikawa nasikia kukohoa tu bila kumwona, kwaya ikakatika katikati ya wimbo, wasimamizi wakakimbilia mahindini na viatu vyao virefu, na kule juu kanisani mshereheshaji, ambaye hakuelewa anachokiona, akatangaza kwa spika, "Wapendwa, bibi harusi anakaribia, tunaona ubani."

Nikazima injini. Na katika kile kimya, kichwa cha bolti kikabanduka, kikaanguka kwa jiwe, kikabiringika polepole mteremkoni mbele ya watu wote, kikasimama karibu na kiatu cheupe cha Ndinda.

Akainama akakiokota. Akakigeuza. Akakwaruza ile silikoni kwa ukucha uliopakwa rangi.

"Umekibandika na gundi," akasema. Hakuuliza.

Nikamwambia ndiyo. Natamani angenipiga. Ujumbe ulikuwa umeshatoka juu kwamba padri ana misa nyingine ng'ambo na hawezi kungoja sana, na Susu alikuwa pale kwa kiti, machozi ya moshi yanamtoka, hawezi kupanda, hawezi kushuka. Mjomba akasema basi tumbebe tu. Susu akakamata mikono ya kiti.

Ndinda akamwangalia Susu, kisha akampa msimamizi wake maua. Akaomba leso, akajifunga moja kifuani na nyingine kiunoni, wanawake wakamkunjia gauni hadi magotini na kumtandikia gunia, akapiga magoti pale kwa matope. Susu alishushwa na kiti chake kikawekwa kando. Na hapo ndugu zangu, ndipo nilipoona kitu ambacho hata leo nikikikumbuka nasisimkwa.

"Injini bado iko na moto," Ndinda akasema. "Hiyo itatusaidia. Nipe spana." Nikamletea mfuko wangu wote wa vifaa.

Akafungua zile bolti nyingine, kidogo huku, kidogo upande wa pili, akaitoa kava nzima na gasketi yake, ile karatasi ya kuzibia oili, bila kuichana. Bolti iliyokatika ikaonekana imezama sawa na ukingo wa tundu, haina pa kushika, imejaa makovu ya tindo yangu. Nikamwambia hiyo haitatoka bila mashine ya kutoboa. Akaniuliza kama najua kwa nini ilikatika.

"Bolti ikikazwa inavutika, ndiyo maana inashika," akasema, huku anapanguza tundu. "Ukikata kichwa, hakuna kinachoivuta tena. Hii imeshalegea, Kyalo. Ni wewe uliitia makovu, ndio inajishikilia. Nileteeni mshumaa."

Mama mmoja wa kwaya akapanda mbio akarudi na mshumaa wa altare. Ndinda hakuuwasha. Aliugusisha tu kwenye ile alumini ya moto, kuizunguka bolti, na nta ikayeyuka, ikasimama kidogo, halafu ikanyonywa ndani. Niliiona ikiingia. Mahali ambapo jicho langu lilikuwa linaona chuma kimeshikana na chuma, kumbe kulikuwa na njia, na nta iliijua.

Kisha akachukua ileile tindo yangu, akaielekeza pembeni ya bolti, imelala upande wa kufungulia, akaanza kugonga na nyundo ndogo. Si kwa nguvu. Tik. Tik. Tik. Watu wote wakanyamaza, hata wale waliokuwa wananicheka, hata watoto, ukoo mzima umesimama kwenye mteremko na nguo zake nzuri ukisikiliza kile kisauti, na mji wa Machakos kule chini unang'aa mabati baada ya mvua. Hakuna kilichosogea. Akaongeza nta, akagonga tena. Nikaona jasho linampita kando ya shela. Halafu akasimamisha mkono.

"Imetembea," akasema kwa sauti ya chini sana.

Sisi hatukuona kitu. Akagonga tena, na sasa hata mimi nikaona lile kovu la tindo limehama, likazunguka kama mkono wa saa, bolti ikachungulia nje kidogo, akaweka nyundo chini, akaishika kwa ncha za vidole vyake viwili na kuizungusha taratibu, ikatoka yote, ndogo, haifiki hata urefu wa kidole, nayo ndiyo ilikuwa imesimamisha harusi. Nyuzi za tundu, zile njia bolti inazozungukia, zilikuwa nzima. Hakuna aliyepiga kigelegele. Susu peke yake alisema, kwa Kikamba, kwamba mikono hiyo aliiosha yeye.

Bolti ya badala tukaitoa kwa kerea ya mbele, kile chuma cha kubebea mizigo, saizi ileile, kijana wa bodaboda akatoa chupa ya oili. Ndinda akapaka silikoni nyembamba, akarudisha kava, akaanza kila bolti kwa vidole. "Shika spana karibu na kichwa," akaniambia, "usishike mkia. Kaza hii, halafu ile inayotazamana nayo." Nikafanya. Tukangoja silikoni ishike huku kwaya ikiimba, nikajaza oili, nikawasha, tone halikutoka. Susu akapandishwa tena na tukafika juu.

Padri alikuwa amengoja. Ulipofika wakati wa pete, Ndinda akatoa mkono, na ulikuwa mweusi wa oili hadi kwenye kifundo, leso ilikuwa imeshindwa kuutakasa. Musyoka akautazama, akatabasamu, na pete ikateleza ikaingia bila hata kusukumwa. Kanisa likacheka, nami nikainamisha kichwa nikacheka na matope yangu.

Walipotoka fungate nikaenda Mlolongo mwenyewe, nikamwomba anifundishe. Hakunihubiria. Alinipa injini iliyokufa na bolti za kufunga na kufungua, akanifunga macho kwa kitambaa, malori yakinguruma pale nje. "Usifunge kwa nguvu," akasema. "Funga hadi uisikie imekaa, halafu uipe kidogo, halafu uache." Niliharibu nyingi. Halafu jioni, na spana fupi mkononi, nikasikia kitu kidogo sana chini ya vidole, bolti inakaa, kama mtu anayekaa kwa kiti baada ya kutembea mbali. Nikaipa kidogo tu, nikaacha. Nikaapa hapohapo, kitambaa bado machoni, kwamba ule mzunguko unaofuata baada ya hapo, ule mmoja wa kuongeza ili roho itulie, sitauzungusha tena maishani.