Mafuta Tuliyochanganya Kisegi

"Mama Jacktone, kwa nini Benta amepona mikono na mimi bado napasuka, na mafuta ni wewe umetupatia sote?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Marion, tukiwa tumeinama tunaanika omena, dagaa wetu wa ziwa, hapa ufukweni Kisegi.

Nikaendelea kugeuza omena. Jibu nililijua, lakini nilikuwa nimekatazwa kulisema.

Mimi ni mjane. Shule niliishia la saba. Mahali nimekosea kuandika mnivumilie, wapendwa, lakini hii habari imenikalia kifuani.

Kazi ya omena inamaliza mikono. Jua kali, maji, magamba. Ngozi inafunguka mpaka kukanda unga ni machozi.

Ndiyo maana Dorine alipokuja na mafuta yake tulimpokea kama malaika.

Dorine ni msichana wetu wa hapa, sikumzaa mimi lakini huniita Mum. Siku anabatizwa ziwani mimi ndiye nilimshikia leso. Sasa ni mtaalamu wa vipodozi huko Nairobi, na alikuwa ameungana na wataalamu wenzake wawili, mama mmoja wa Uganda na kijana wa Tanzania anaitwa Mwikwabe. Walipika mafuta pamoja kwa ajili ya kina mama wa ziwa, nchi zote tatu. Kila mmoja ajaribu kwao, halafu walete matokeo mezani walinganishe.

Mimi nilifanywa mama wa kugawa.

Mikebe ilikuwa na vifuniko vya rangi mbili, bluu na nyeupe. Dorine akaniambia, "Mum, rangi moja iko na dawa. Ingine ni mafuta ya kawaida tu. Hata wewe sikwambii ni gani. Na usiambie hao wengine, lazima tuone tofauti."

Nikaahidi kwa jina la Bwana.

Lakini wiki hazikuwa nyingi, kila mwenye macho alikuwa ameona. Wa bluu walikuwa wanapona.

Swali la Marion likanifuata hadi kanisani. Maana hapa kwetu mashua ikirudi na samaki, hata mwanamke ambaye bwana yake alizama anapewa sahani yake. Hiyo sahani ndiyo ililea watoto wangu. Sasa mimi, mimi kabisa, nigawe uponyaji kwa rangi ya kifuniko?

Jumapili asubuhi nikawaita wote waje na mikebe yao.

"Leteni ile sufuria ya matanga," Marion akasema. "Hii ya Mama Jacktone ni ya kupikia mtu mmoja na paka."

Tukamwaga yote. Bluu na nyeupe. Tukapasha kwa jiko, tukakoroga na mwiko, tukaomba, tukajaza tena. Kila mtu na mkebe wake na kifuniko chake.

"Na Dorine akiuliza?" Benta akasema.

"Dorine ni mtoto," Marion akamjibu. "Mtoto haulizi mama ameweka nini kwa mboga. Anakula."

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, na ndiyo inaniuma.

Mikono ya wote ikaanza kupona, pole pole, mpaka ikawa sawasawa.

Dorine akarudi. Akapiga mikono picha, akapima ngozi na kamashine kadogo. Nilimwona akiangalia kale kamashine, anapima tena, anakunja uso. Nikamletea chai. Akaninong'oneza, "Mum, hii kazi ikiharibika mimi nimeisha."

Nikamwambia, "Mungu yupo." Hiyo tu. Akaenda.

Kisha akanipigia simu. Wenzake wanakutana Migori, maana si mbali na mpaka, na wanataka kumwona mama wa Kisegi.

Nikaenda. Wa kwanza kunisalimia alikuwa yule Mwikwabe.

"Shikamoo, mama."

Sisi hatujazoea. Nikasema, "Niko salama."

Akacheka vizuri. "Sema marahaba, mama."

"Haya, marahaba."

Akanimiminia chai kabla hajamimina yake.

Dorine akaonyesha kazi yake ukutani. Bluu ilikuwa imesimama juu kama mnara, nyeupe iko chini kabisa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapigiwa.

Ya Mwikwabe ikafuata. Bluu ilizidi nyeupe kidogo tu.

Yule mama wa Uganda, ambaye ndiye aliongoza mkutano, akatikisa kichwa. "Mwikwabe, mafuta ni yale yale. Mbona Kisegi yafanye kazi hivi, kwako yalale?"

"Nimepima mkono kwa mkono," akasema. "Nilichokiona ndicho nilicholeta."

"Ama hukupima," Dorine akasema. "Mimi naona Tanzania itoke. Hatuwezi kubeba mtu."

Kijana wa watu akainamisha kichwa. Nikawafikiria kina mama wa upande wake, na mikono yao. Hesabu za ukutani sikuzielewa, lakini kitu kimoja nilijua. Anafukuzwa kwa kulinganishwa na Kisegi, na Kisegi niliiharibu mimi.

Miguu ikasimama kabla yangu.

"Dorine, nyathina, mwanangu, nisamehe. Yale mafuta tuliyachanganya."

"Mum, kaa chini. Hujui unasema nini."

"Najua. Tuliyamwaga yote kwa sufuria moja. Kosa ni langu, msimfukuze huyu."

Mwikwabe akauliza taratibu, "Mama, kwa hiyo wote walijipaka mafuta yale yale?"

"Yale yale, mwanangu."

"Hakuna aliyebaki na yake?"

"Hata tone."

Akautazama ukuta. Kisha akamgeukia Dorine, na hakuna ubaya kwa sauti yake.

"Dada, kama wote walijipaka kitu kimoja, tofauti hii umeipata wapi?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilitamani nimeze maneno yangu. Siku ile alipokunja uso na kamashine, alikuwa ameona mikono yote ni sawa. Akaenda akachora anachotaka.

Wapendwa, nilisimama nitue mzigo wangu, nikautua juu ya mtoto niliyemshikia leso. Sisemi msitubu. Tubuni, lakini mapema. Ningemwambia ukweli siku ile ya chai angenigombeza, angelia, angeanza upya, na hangekuwa na haja ya kudanganya. Kosa lililofichwa halikai peke yake. Linatafuta mwenzake.

"Dorine," yule mama wa Uganda akasema. "Tueleze."

Dorine akafunga kompyuta yake. Akaitia kwa mkoba. Nikanyoosha mkono nimshike.

Akapita kando yangu, akafungua mlango, akatoka.