Tulivyoitwa wezi wa insha shuleni Kibra, na nyanya yetu akakubali

Sasa wakuu. Mimi ni nyanya wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Kibra hii hii. Masomo yangu yaliishia darasa la nne, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya mnivumilie. Chumvi sitaongeza.

Juzi mjukuu wangu amerudishiwa assignment yake college, ameambiwa amekopi. Akawa analia hapa kwangu. Nikamwambia nyamaza, hata mimi nimewahi kuitwa mwizi wa maneno, tena mbele ya darasa.

Hiyo ni kabla ya Emergency ya mkoloni, ile ya 1952. Kibra ilikuwa bado na miti, sio mabati haya.

Mwalimu wetu, Ndegwa, alikuwa kijana wa upande wa Kawangware. Anakuja kwa miguu, na matope yakiwa mengi viatu anavishika mkononi, anavivaa akifika kwa mlango wa darasa. Mtu safi sana. Nafikiri alikuwa na pea moja tu, lakini wacha hiyo.

Siku moja akasema tuandike insha, "Kwetu Nyumbani". Ukurasa mmoja, hakuna maneno ya kuzunguka.

Sasa mimi na cousin yangu Hawa, kila mtu kwa benchi yake, tukaandika hadithi ya Habuba. Hivyo ndivyo sisi Wanubi tunamwita nyanya. Habuba Kaltuma alikuwa anasuka vile vifuniko vya chakula vya rangi huku anasimulia: yeye na mumewe, askari, walivyofyeka huu msitu, na chui akachukua mbuzi wao wa kwanza.

Hadithi hiyo hatukuruhusiwa kubadilisha hata neno. Mbuzi alikuwa na madoa. Ukisema mweupe, unafinywa.

So insha zetu zikatoka sawa. Neno kwa neno.

"Nani ameibia mwenzake?" Mwalimu akauliza.

Mimi na Hawa tukaangaliana.

"Basi nyote wawili hamfanyi mtihani wa darasa la nne."

Mimi nilisikia aibu tu. Kwa Hawa ilikuwa zaidi ya aibu. Baba yake alimkubalia kusoma kwa sharti: lalamiko moja kutoka shule, anarudi jikoni. Na Hawa, wakuu, alikuwa na kichwa. Mimi nilikuwa na mdomo.

Kesho yake Habuba akaja, kifuniko mkononi, anasuka akitembea.

"Wewe ndiye unaita watoto wangu wezi?"

"Mama, kila mtoto lazima aandike yake."

"Yake atatoa wapi? Ana miaka kumi!"

Darasa likacheka. Habuba akamwambia Mwalimu asome insha yetu. Akasoma, lakini hata hajafika mbali Habuba akamkatiza. "Umeruka mwanzo."

"Sijaruka. Imeanzia hapa."

Habuba akatugeukia polepole. Kwetu hadithi haianzi kabla useme umeitoa wapi: "Nimepewa na Habuba Kaltuma. Yeye alikuwepo." Sisi tulikata hiyo, tukidhani ndiyo maneno ya kuzunguka.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Ni wezi kweli."

Wueh! Tulidhani amekuja kututetea, kumbe amekuja kutufunga.

Mwalimu akamuuliza hayo maneno ya mwanzo ni gani. Habuba akamwambia. Mwalimu akaturudishia karatasi zetu.

"Andikeni tena. Muanze na jina lake. Halafu chini, kila mtu aongeze kitu ameona kwa macho yake, kitu Habuba hajawahi kusema."

Hawa alijaza nusu ukurasa. Mimi nilipata mstari mmoja: "Habuba akifika hapo kwa mbuzi, mkono wake unaacha kusuka."

Mwalimu alimsomea Habuba mstari wangu. Habuba akaangalia mkono wake muda mrefu.

"Hii sikuwapa mimi," akasema.

Tulifanya mtihani. Hawa alipita, mwishowe akawa nurse. Mimi nilianguka, na si kwa wizi, ni hesabu.

Kwa hivyo mjukuu wangu simlaumu sana. Amelelewa hivyo, maneno ya mkubwa unayashika yalivyo, ni heshima. Jina ndilo alisahau. Jana ameandika upya, ametaja kila mtu ambaye alitoa maneno kwake, na kurasa mbili za mwisho ni zake mwenyewe. Mwalimu wake amekubali kuipokea.

Na kwenu mlifundishwaje? Semeni hapa chini, nitasomewa zote.

Na ukienda kuisimulia hii mahali, anza vizuri. Umepewa na nyanya wa Kibra. Yeye alikuwepo.