Meno ya Kupimia Udongo

Mama yangu alipima udongo kwa meno. Tukishauchanganya na mchanga, alitia kidonge kinywani, akakitafuna taratibu kwa magego, akakitema. Akisema "bado," tuliongeza mchanga. Akisema "haya," tulianza kufinyanga. Vyungu tulivishusha kwa miguu mpaka gulioni Same, na wanawake wa tambarare walimngoja yeye tu. Majina yao nayakumbuka yote. Wengi wametangulia, nayaacha yapumzike.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na duka la karibu na stesheni lilishaanza kuuza sufuria. Basi magego ya mama yakang'oka, likaisha hata la mwisho. Akajaribu kupima kwa ufizi, akajaribu kwa vidole. Tulipochoma, vyungu vikapasuka motoni, paa, paa. Vichache vilivyopona tukavipeleka gulioni. Mteja wake wa siku nyingi akamwambia, "Mama, moto umekukasirikia? Nikikosa chungu tena, nanunua sufuria."

Alikuwa anatania, lakini mama hakucheka. Vyungu ndivyo vilivyotulisha.

Tuliporudi mlimani akaniita kwenye udongo. "Meno unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi yafanye kazi. Nyama yenyewe hatuli kila siku."

Nikatafuna, naye akabandika sikio lake shavuni kwangu, akasikiliza. "Huo unalia kama panya kwenye mahindi. Mchanga umezidi." Tukaongeza udongo, nikatafuna tena. "Sasa umenyamaza mno." Tuliendelea hivyo mpaka taya zikaniuma, mpaka siku moja nikasema "haya" kabla yeye hajaondoa sikio. Akaniangalia, akaenda kuchota maji ya kufinyangia.

Siku ya kuchoma tulivifunika vyungu kwa kuni na majani makavu ya migomba. Mama akaupa moto mgongo, akakaa kusikiliza. Moto ukavuma, ukashuka, ukawa majivu. Hakuna kilicholia. Vilipopoa akagonga kimoja kwa kifundo cha kidole, kikaitika vizuri. Basi akajilaza palepale kwenye majani, akalala usingizi mchana kweupe. Sikumwamsha.

Gulioni yule mteja akageuza chungu huku na huku. "Kumbe moto umekusamehe, mama."

"Muulize huyu mwenye meno," mama akasema. Akavisukuma vyungu vyote upande wangu, akaomba kibuyu cha uji, akanywa amefumba macho.