Mti wa Bundi Wawili

Nyuma ya mtaa wa Saio palibaki kipande cha msitu, kimezungukwa na mashamba kama kisiwa. Kabla ya vita, mtafiti mmoja alimwambia Ephraïm, mpasua mbao, kwamba bundi wa msitu ule walibaki wawili tu, wakilala katika tundu la mti mmoja mkubwa. Miaka minne Ephraïm alikata miti mingine, ule akauacha.

Kufikia Mei 2003, mti ule ulikuwa umebaki peke yake. Joséphine, jirani aliyekimbia kutoka Fataki, akaja na kamba yenye urefu wa maiti ya mumewe, kuomba sanduku la kumzikia.

“Papa Ephraïm, mti ule iko.”

“Bundi wanalala mule, mama.”

“Bundi! Weye unachungia bundi nyumba, na muzee wangu analala chini mu kitenge?”

Ephraïm aliipokea ile kamba. Alichukua shoka. Mti ulipoanguka, bundi mmoja tu alitoka, akatua juu ya kisiki mchana mweupe, amefumba macho.

“Ndiye alituletea kifo,” Joséphine alisema.

“Hapana, mama. Ni siye tumemuletea.”

Akainyoosha kamba juu ya gogo.