Lesi Imetoka Wapi

Kaka yangu alimwambia baba kwamba sitaki shule. Sikusema hivyo hata siku moja. Nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja, akaichukua yeye, mimi nikabaki na sindano. Kusoma nimejifunzia ukubwani.

Sindano imenilea vizuri, sikatai. Nina chumba changu chenye dirisha la barabarani, cherehani mbili, na maharusi hawaishi kunipigia hodi. Lakini baba, mzee sasa, huwaambia wageni, "Huyu ana mikono ya dhahabu, ila shule aliikimbia." Wageni hucheka. Mimi huuma uzi.

Binti wa kaka anasomea lugha chuo kikuu. Akiwa likizo hushinda kwangu, amekalia marobota ya vitambaa. Juzi nilikuwa natia lesi kwenye mikono ya gauni.

"Shangazi, unajua hiyo lesi imetoka wapi?"

"Dukani, pale kona."

"Neno, Shangazi!"

Akanipeleka mbali. Sisi tulilipata kwa Waingereza. Waingereza walilipata kwa Wanormani waliowatawala zamani, wenye Kifaransa chao. Hao nao walilirithi kutoka Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kitanzi cha kunasia.

"Na Waitaliano wana lao, laccio. Limezaliwa na Kilatini hichohicho."

"Kumbe ni ndugu."

"Tumbo moja."

Nikaiinua lesi dirishani. Vitanzi vitupu. Nilifurahi kama niliyeletewa zawadi.

"Sasa mnajuaje, na wenyewe wamekufa?"

"Unamshika kila aliyelisema, unamuuliza alilipata kwa nani. Mpaka ufike kwa asiye na wa kumtaja."

Nikaweka sindano chini. "Haya. Hilo la kwamba niliikimbia shule, wewe ulilipata kwa nani?"

"Kwa babu."

"Babu je?"

"Kwa baba."

"Na baba yako?"

Alikwenda kumuuliza mwenyewe.

Kesho yake kaka alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi.

"Dada, tulikuwa watoto."

"Baba si mtoto," nikamwambia, "na masikio yake ni mazima."

Aliniomba radhi. Nimeipokea, na chai tukanywa, tukacheka hata. Ila bado nadai moja, na ninamdai yeye, si bintiye: akae mbele ya baba, aseme kwa mdomo uleule, "Hakukataa. Nilikudanganya."